Binti yangu amepata vyuo viwili vidogo Marekani: nitajuaje idara ipi ina nguvu?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Ninaandika kutoka Rau, Moshi, ambako ninafundisha bayolojia katika shule ya sekondari ya serikali. Binti yetu wa kwanza, Upendo, alimaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) na kupata daraja la kwanza, na baada ya kuhangaika na maombi kwa muda mrefu amepata nafasi katika vyuo viwili vya Marekani. Vyote ni vyuo vidogo vinavyofundisha shahada ya kwanza tu, kila kimoja kikiwa na wanafunzi wasiofika elfu mbili na mia tano, na tunaambiwa kuwa ni vigumu sana kuingia. Kwa neema ya Mungu, vyote viwili vimekubali kubeba ada, malazi na chakula kwa viwango vinavyokaribiana sana, kwa hiyo fedha haitusaidii kuamua. Tunatakiwa kujibu kabla ya tarehe 1 Mei.

Nyumbani hatuelewani. Chuo cha kwanza kiko juu katika ile orodha ya ubora inayotolewa Marekani kila mwaka, na cha pili kiko chini yake kwa nafasi kama ishirini. Baba Upendo haoni la kujadili: aliyepewa cha juu hachukui cha chini. Upendo anataka cha pili, kwa sababu anasema idara yake ya fizikia ndiyo yenye nguvu. Nilipomuuliza amejuaje, alinionyesha maneno ya wanafunzi wa zamani na picha za maabara zinazong'aa, ushahidi ambao mimi kama mwalimu siwezi kuutegemea. Shemeji yangu, mhandisi aliyesoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na anayeishi Njiro, Arusha, anasema vyote viwili havifai, kwani idara ya fizikia yenye walimu saba, bila mwanafunzi hata mmoja wa uzamili, ni chumba cha walimu wa sekondari kilichopewa jina kubwa.

Mimi nimezoea kupima shule kwa matokeo. Hata baada ya Baraza la Mitihani (NECTA) kuacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, mtihani umebaki ni mmoja, na mwenye subira anaweza kukaa na matokeo akalinganisha mwenyewe. Kwa vyuo hivi sioni mtihani wa pamoja. Nimetafuta orodha ya idara bora za fizikia za Marekani, nikakuta majina ya vyuo vikuu vikubwa peke yake. Hivi vyetu havimo hata kimoja. Je, ndiyo kusema idara zao ni dhaifu? Na mzazi aliye Moshi, asiyeweza kusafiri kwenda kuona kwa macho yake, atapimaje nguvu ya idara? Niongeze kwamba Upendo mwenyewe hajatulia: anapenda fizikia, anapenda hisabati, na siku hizi anautaja na uchumi.

Mama Upendo,
Moshi

JIBU

Mama Upendo, hongera kwa binti, na hongera kwako kwa kutoridhika na picha za maabara.

Nianze na orodha ulizozitafuta, kwa sababu ndizo zinazowapotosha wazazi wengi. Orodha za idara bora za fizikia, hisabati au kemia unazozikuta mtandaoni ni orodha za idara zinazotoa shahada ya uzamivu. Hata Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipofanya tathmini zake kubwa, zilizotoka mwaka 1995 na tena mwaka 2010, lilitathmini programu za uzamivu tu. Orodha za kimataifa nazo hutegemea sana wingi wa machapisho na sifa za watafiti, mambo ambayo idara yenye walimu saba haiwezi kuyashindania na idara yenye walimu sitini. Idara za vyuo hivi viwili hazina programu ya uzamivu. Kwa hiyo hazikupimwa zikashindwa, bali hazikuwekwa kwenye mizani kabisa. Kutokuwapo kwao hakukwambii chochote, kizuri wala kibaya.

Orodha anayoitegemea Baba Upendo ni ya aina nyingine. Ile ya jarida la U.S. News hupima chuo kizima, kwa kuangalia mambo kama kiwango cha wanaohitimu, fedha ambazo chuo hutumia kwa kila mwanafunzi, mishahara ya walimu, na maoni ya viongozi wa vyuo vingine. Hakuna mahali ambapo mtu aliingia darasa la fizikia. Tena takwimu zenyewe hupelekwa na vyuo, na historia yake haijanyooka: Reed College, chuo kidogo cha Portland kinachoheshimika sana kwa taaluma, kimekataa kushirikiana na waandaaji hao tangu mwaka 1995, na mwaka 2022 profesa wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Columbia, Michael Thaddeus, alichapisha uchambuzi uliotilia shaka takwimu ambazo chuo chake mwenyewe kilikuwa kimepeleka, na Columbia, iliyokuwa nafasi ya 2, ikajikuta nafasi ya 18 mwaka huohuo. Idara zake hazikuwa zimebadilika hata moja katika miezi hiyo. Sisemi orodha haina maana. Chuo kilicho juu kwa kawaida kina fedha zaidi, na fedha hulipa walimu na maabara. Lakini tofauti ya nafasi ishirini kati ya vyuo viwili ambavyo vyote vinachagua wanafunzi kwa ukali haitoshi kukwambia ni kipi kitamfundisha Upendo mekaniki ya kwanta vizuri zaidi.

Shemeji yako nampa haki kwa sehemu. Kama Upendo anataka kuwa mhandisi, vyuo vingi vya aina hii havina uhandisi kabisa, na shahada ya fizikia peke yake haimfanyi mtu asajiliwe kuwa mhandisi hapa nyumbani. Vipo vichache vyenye shahada ya uhandisi, kama Swarthmore, Smith na Harvey Mudd. Vingine vina mpango wa miaka mitatu chuoni na miwili katika chuo kikuu kingine, na mpango huo una mtego, kwa kuwa ufadhili wa chuo cha kwanza kwa kawaida haumfuati mwanafunzi katika miaka miwili ya mwisho. Muulize Upendo swali hilo moja kwa moja kabla ya mengine yote.

Shemeji anapokosea ni katika kuhesabu vichwa. Idara isiyo na wanafunzi wa uzamili ina profesa anayehitaji mikono maabarani, na mikono iliyopo ni ya wanafunzi wa shahada ya kwanza. Mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kidogo anaweza kukabidhiwa kazi ambayo katika chuo kikuu kikubwa angeiona kwa mbali ikifanywa na mwanafunzi wa uzamivu. Huko Reed kuna tanuri dogo la nyuklia la utafiti linaloendeshwa kwa sehemu kubwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza wenye leseni. Huko Williams, chuo kidogo cha Massachusetts, kuna madarasa ya wanafunzi wawili na profesa mmoja: kila wiki mmoja huwasilisha kazi yake na mwenzake huikosoa, kisha wiki inayofuata wanabadilishana. Walimu saba wanatosha kwa kazi hiyo, mradi saba hao wawepo kweli, na hapa ndipo pa kuanzia uchunguzi.

Katika chuo kidogo, idara ni watu kadhaa tu, na mtu mmoja akiondoka mambo yanabadilika. Historia ya sanaa katika chuo cha Williams ni mfano ninaoupenda. Kwa miongo kadhaa ya katikati ya karne iliyopita, idara hiyo ilibebwa na maprofesa watatu, Lane Faison, Whitney Stoddard na William Pierson, na kutoka madarasa yao wakatoka watu walioongoza majumba makubwa ya sanaa ya Marekani: Earl Powell aliongoza National Gallery ya Washington, Thomas Krens akaongoza Guggenheim, James Wood akaongoza Art Institute ya Chicago, na Glenn Lowry akaiongoza MoMA ya New York kuanzia mwaka 1995 hadi 2025. Mji wenyewe ni mdogo, uko milimani Massachusetts, mbali na miji mikubwa. Hakuna orodha ambayo ingeweza kutabiri jambo hilo, kwa kuwa nguvu yote ilikuwa katika watu watatu na namna walivyofundisha, pamoja na makumbusho nzuri za sanaa zilizokuwa jirani. Ila mfano huu una upande wa pili. Watatu hao walistaafu zamani, na sifa iliendelea kutembea bila wao. Idara ya Williams imebaki nzuri kwa sababu chuo kiliendelea kuajiri watu wazuri. Idara nyingine, katika vyuo nisivyohitaji kuvitaja, zinaishi kwa sifa ya watu ambao sasa ni picha ukutani. Kwa hiyo maneno ya wahitimu wa zamani aliyokuonyesha Upendo yasome kwa kuangalia mwaka waliohitimu, kisha uliza kama walimu wanaowasifu wangalipo.

Fungua ukurasa wa walimu wa idara. Usihesabu majina yote, maana wastaafu wa heshima mara nyingi wameachwa humo, na pamoja nao wasimamizi wa maabara na walimu wageni wenye mkataba wa mwaka mmoja au miwili. Tenga wenye ajira ya kudumu na walio njiani kuipata. Katika idara ya watu saba si ajabu kukuta wa kudumu ni wanne au watano. Kisha kumbuka likizo ya utafiti: profesa wa kudumu hupata likizo hiyo kwa kawaida baada ya miaka sita ya kufundisha, na katika vyuo vyenye fedha mapema zaidi, kwa hiyo mwaka wowote ule mmoja au wawili kati ya saba wanaweza kuwa hawapo. Tazama pia umri wa kazi. Idara ambayo watu watatu wanakaribia kustaafu pamoja inaweza kuwa bora leo na kuwa ujenzi mtupu Upendo akifika mwaka wa tatu. Na idara iliyoajiri vijana wawili miaka ya karibuni inaweza kuwa inapanda bila sifa zake kufika popote.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kozi, lakini zile zinazofundishwa, si zile zilizochapishwa. Kila chuo kina kitabu cha kozi ambacho ni kirefu na cha kupendeza, na ndani yake kuna kozi ambazo hazijafundishwa kwa miaka. Karibu kila chuo pia hutoa ratiba ya kila muhula, ambayo mara nyingi mtu yeyote anaweza kuifungua. Chukueni ratiba za mihula sita au minane iliyopita za vyuo vyote viwili, mkae na karatasi, muandike ni kozi gani za juu za fizikia zilizotolewa kweli. Mtafute mekaniki ya ngazi ya juu, umeme na usumaku, mekaniki ya kwanta, fizikia ya joto na takwimu, na maabara ya ngazi ya juu. Hizo ndizo nguzo, na mwanafunzi anayezikosa ataulizwa kwa nini anapoomba shahada ya juu. Baada ya hapo mtafute vya ziada: fizikia ya yabisi, nyota, chembe ndogo, macho na mwanga, au muhula wa pili wa kwanta.

Mtakachogundua, nadhani, ni kwamba kozi kadhaa hutolewa mwaka mmoja na kurukwa mwaka unaofuata. Hilo ni la kawaida katika idara ndogo na si kasoro. Linakuwa tatizo pale ambapo kwanta inatolewa kwa mwaka wa kupishana na mwanafunzi wa mwaka wa tatu amekwenda kusoma nje muhula huohuo, au pale kozi mbili za lazima zinapowekwa saa ileile. Linakuwa tatizo zaidi kwa mtoto kama wako. Upendo amesoma PCM kwa miaka miwili. Kalkulasi ambayo wenzake wengi wa Marekani wataianza mwaka wa kwanza, yeye kwa sehemu kubwa anayo tayari, na vyuo vingi vitamruhusu aanzie mbele baada ya jaribio la kumpanga. Anayeanza mbele anamaliza kozi mapema. Kama idara ya hisabati ina kozi nne tu za juu zinazofundishwa kweli kila mwaka, mwaka wa nne atakuwa hana cha kusoma isipokuwa kusoma peke yake chini ya profesa, jambo ambalo ni zuri kwa baadhi na gumu kwa wengi.

Hapo ndipo majirani wa chuo wanapohesabika. Amherst iko katika ushirika wa taasisi tano, pamoja na Smith, Mount Holyoke, Hampshire na Chuo Kikuu cha Massachusetts kilicho Amherst, na mwanafunzi wa chuo kimoja anaweza kuchukua kozi katika vingine. Somo la nyota huko linaendeshwa kwa pamoja. Swarthmore ina utaratibu wa namna hiyo na Haverford na Bryn Mawr, na pia na Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Pomona na Harvey Mudd, kule Claremont, zimepakana kiasi kwamba mtu anakwenda darasa la chuo jirani kwa miguu. Kama kimoja cha vyuo vyenu kina mpango wa namna hiyo na kingine kiko peke yake mashambani, hesabu ya walimu saba inabadilika. Uliza tu usafiri ukoje na wanafunzi wangapi wa idara wanautumia kweli, kwani makubaliano mengine yapo kwenye karatasi tu.

Sasa wahitimu. Wizara ya Elimu ya Marekani, kupitia ukurasa uitwao College Navigator, huonyesha kila chuo kilitoa shahada ngapi katika kila somo kwa mwaka. Ni bure, na unaufungua kwa simu. Wahitimu wawili wa fizikia kwa mwaka ni dalili ya kuulizia: kozi za juu zinaweza kufutwa kwa kukosa watu, na Upendo atasoma bila wenzake wa kubishana nao usiku wa kuamkia kukabidhi zoezi, hasara ambayo wazazi hawaihesabu ingawa kwa fizikia ni kubwa. Wahitimu kumi au kumi na tano katika chuo cha watu elfu mbili ni idara yenye uhai. Wingi nao una mpaka. Idara za kompyuta na uchumi katika vyuo vingi vidogo zilifurika miaka ya 2010 hadi wanafunzi wakawa wanachaguliwa kwa bahati nasibu kuingia madarasani, na ule uwiano wa mwalimu mmoja kwa wanafunzi wanane unaotangazwa ni wa chuo kizima. Unachanganya idara ya uchumi iliyojaa na idara ya Kilatini yenye watu wawili.

Upendo anaweza kukuletea takwimu nyingine, ya wahitimu wanaoendelea hadi uzamivu. Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Marekani hufanya utafiti wa kila mwaka wa wanaopata uzamivu, na kila mmoja huulizwa shahada ya kwanza aliipata wapi. Ukigawanya kwa idadi ya wahitimu, vyuo vidogo kama Reed, Swarthmore, Carleton na Harvey Mudd hutokea juu, vikivipita vyuo vikuu vingi vyenye majina makubwa. Hilo ni jibu zito kwa shemeji yako. Lakini lisomwe kwa tahadhari linaposhushwa hadi idara moja. Idara inayotoa wahitimu wanane kwa mwaka, mmoja wao akienda uzamivu ni asilimia 12.5, wawili wakienda ni asilimia 25. Idara haijaboreka maradufu, ni mtoto mmoja tu aliyebadili mawazo. Chukua miaka kumi kwa pamoja au usiichukue kabisa. Tena aliyekwenda kufundisha sekondari, au kufanya kazi benki, haonekani humo, wala hatuwezi kusema alifundishwa vibaya.

Wewe ni mwalimu, na umeniuliza kuhusu mtihani wa pamoja. Haupo, ila kuna vyuo ambavyo hukubali kazi za wanafunzi wao zipimwe na watu wa nje. Swarthmore, tangu mwaka 1922, ina programu ya heshima ambamo wanafunzi wa mwaka wa mwisho hutahiniwa, kwa maandishi na kwa mdomo, na wataalamu kutoka vyuo vingine, utaratibu ambao shemeji yako ataukumbuka kwa kuwa Mlimani nao wana watahini wa nje. Reed inamtaka kila mwanafunzi aandike tasnifu na kuitetea. Wooster, kule Ohio, kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ana utafiti wake. Kwa vyuo vyenu, tafuteni maktaba ya tasnifu za wahitimu, ambayo mara nyingi iko wazi mtandaoni, msome majina ya tasnifu za fizikia za miaka mitatu hivi. Huhitaji kuelewa kila kitu. Utaona kama zote zimesimamiwa na profesa mmoja huku wengine hawaonekani, na kama kazi ni ya kupima kitu maabarani au ni muhtasari wa vitabu.

Kuna jambo moja linalomhusu Upendo na ambalo Mmarekani akiandika ushauri huu asingelikumbuka. Sehemu kubwa ya utafiti wa wanafunzi wa fizikia hufanyika likizo ndefu, Juni hadi Agosti, na programu maarufu zaidi za kipindi hicho hulipiwa na ile Taasisi ya Taifa ya Sayansi. Fedha hizo ni kwa raia na wakazi wa kudumu wa Marekani. Mtanzania hazimhusu, hata awe wa kwanza darasani. Kwa hiyo idara ambayo wanafunzi wake wote hupelekwa kwenye programu hizo inaweza kuonekana na mafanikio makubwa, na binti yako akabaki bwenini. Idara itakayomfaa ni ile ambayo chuo chenyewe kina mfuko wa kulipia utafiti wa likizo bila kuuliza pasipoti, na ambayo inaweza kutaja, bila majina, kwamba wanafunzi wa kigeni wameutumia katika miaka ya karibuni. Kati ya mambo yote niliyoandika, hili ndilo ambalo lingenifanya nigeuze uamuzi mara moja. (Habari za viza ni suala jingine na hubadilika, zifuateni ubalozini.)

Kuhusu kutotulia kwake, usiwe na hofu. Katika vyuo hivi vingi mwanafunzi hutangaza somo lake kuu karibu na mwisho wa mwaka wa pili, na wanaobadilisha ni wengi. Kwa sababu hiyo mpime idara tatu, si moja. Fizikia nzuri iliyokaa peke yake, pamoja na hisabati nyembamba, itamwangusha, kwa kuwa fizikia ya juu inaitegemea hisabati. Kuhusu uchumi, uliza kama kuna kozi za ekonometriki (takwimu za kupima uchumi) na za nadharia zinazotumia hisabati, maana mtoto wa PCM atachoka haraka na uchumi wa maelezo matupu.

Sasa mfanye hivi. Upendo, yeye mwenyewe na si wewe, amwandikie mkuu wa idara ya fizikia wa kila chuo barua pepe fupi, akiuliza mambo manne: kozi zipi za juu zitafundishwa katika miaka minne ijayo, walimu gani watakuwa likizo au wanastaafu, wahitimu wa miaka mitano iliyopita wako wapi, na mwanafunzi asiye raia analipwaje kwa utafiti wa likizo. Aombe pia aunganishwe na mwanafunzi wa sasa wa idara hiyo kutoka Afrika, kama yupo. Katika chuo cha aina hii mkuu wa idara hujibu, na jibu lenyewe ni kipimo: anayeandika aya tatu zenye majina ya kozi na miaka anaijua idara yake, anayempeleka kwa ofisi ya udahili akasome kijarida amejibu pia. Wakati mnasubiri, chapeni zile ratiba mlizokusanya mpande gari la Arusha mshuke Tengeru, mkamwone mhadhiri yeyote wa Taasisi ya Nelson Mandela. Pale wanapokea wanafunzi wa uzamili na uzamivu tu, kwa hiyo kazi yao ya kila mwaka ni kusoma vyeti vya watu waliomaliza shahada ya kwanza na kuamua nani ameandaliwa vya kutosha. Mtu wa namna hiyo ataziangalia orodha zenu mbili za kozi kwa robo saa na kuwaambia ipi ina mapengo. Mpelekeni na shemeji.

Kwa nilichokisoma katika barua yako, naelekea upande wa Upendo, lakini si kwa sababu alizozitoa yeye. Kama ratiba za chuo cha pili zinaonyesha nguzo zote zikifundishwa kila mwaka, na kama mfuko wa utafiti upo kwa wageni, kiende mbele, na Baba Upendo aonyeshwe karatasi badala ya kubishiwa. Kama vyuo vyote viwili vinalingana kwa hayo, basi kichaguliwe kile chenye hisabati na uchumi vilivyo imara zaidi, ambacho kinaweza kuwa cha kwanza. Barua pepe zitoke wiki hii. Maprofesa huko hutingwa sana mwishoni mwa Aprili, muhula unapokaribia kwisha, na tarehe 1 Mei haitawasubiri.